Maadili au Faida: Kampuni Isimamishe Wajibu Wake kwa Jamii Juu ya Msingi Upi?

Sera ya kampuni kuhusu wajibu wake kwa jamii inaandikwa upya, na sentensi ya kwanza tu imekwamisha kikao. Upande mmoja wa meza unataka isomeke, "Tunafanya haya kwa sababu ndiyo haki." Upande wa pili unataka, "Tunafanya haya kwa sababu yanaijenga biashara yetu." Mwenyekiti, ambaye ana kikao kingine saa nane, anapendekeza ziwekwe zote mbili, mkato katikati, mambo yaishe.

Ningekuwa mjumbe ningempinga mwenyekiti kwanza. Misingi hii miwili haifanyi kazi moja. Kuna mambo ambayo faida inayabeba vizuri kuliko maadili, na kuna mengine ambayo ukiyakabidhi kwa faida umeyatupa. Ukiichanganya bila kusema upi unabeba nini, mwaka wa shida ukifika utashinda ule wenye tarakimu, kwa sababu tarakimu ndizo zinazojadiliwa mwaka wa shida. Kwa hiyo naiweka hapa ubavu kwa ubavu, kisha nitasema ningechagua upi kwa jambo lipi.

Kwa nje huwezi kuitofautisha

Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant alitoa mfano wa muuza duka ambao mpaka leo hakuna aliyeupiku. Muuza duka huyu hampandishii bei mteja asiyejua bei. Hata mtoto mdogo anauziwa sawa na mtu mzima. Watu wanahudumiwa kwa uaminifu. Lakini je, mwenye duka ni mwaminifu, au anajua tu kwamba akimpunja mtoto leo, kesho familia nzima itahamia duka la pili? Kwa mtoto aliyeshika chenji yake mkononi, jibu halibadilishi kitu. Kant alisema tendo kama hilo linalingana na wajibu, ila halijatoka kwenye wajibu.

Kisa kinachotajwa mno katika mjadala huu kina tatizo hilo hilo. Mwaka 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza Tylenol, dawa ya maumivu, iliyokuwa imetiwa sumu ya sianidi na mtu ambaye hajajulikana hadi leo. Johnson & Johnson iliwatangazia watu waache kuitumia, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, ikabeba hasara ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudi sokoni na chupa ambazo zikiguswa na mtu inaonekana. Watetezi wa maadili wanasema: tazama, walifuata tamko lao la mwaka 1943 linaloweka watumiaji wa bidhaa mbele ya wenye hisa. Watetezi wa faida wanasema: tazama, baada ya muda mfupi dawa hiyo ilikuwa imejirudishia sehemu kubwa ya soko lake, chema chajiuza. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana kisa hiki hakimsaidii anayetaka kuchagua. Wema na faida vilikwenda njia moja. Tunahitaji visa ambavyo njia ziligawanyika.

Faida kama msingi

Tuanze na sifa zake, maana wapenda maadili huzipuuza. Faida haihitaji mtu mwema. Mwanzilishi atakufa, mkurugenzi mtendaji atahamia kampuni nyingine, mwenye moyo atastaafu, lakini hesabu itabaki pale pale. Kiwanda kinachopunguza maji na umeme kinachotumia kinapunguza uchafuzi na bili kwa wakati mmoja. Mwaka wa hasara mkurugenzi wa fedha hataufuta mradi huo, huenda akauongezea kasi. Linganisha na msaada unaoishi kwenye bajeti ya idara ya masoko, kati ya kalenda na fulana. Huo ndio unaokatwa wa kwanza, na hakuna anayeitisha mkutano kuomboleza.

Wataalamu wa mikakati ya biashara Michael Porter na Mark Kramer waliipa hoja hii umbo lake maarufu mwaka 2011. Kampuni, walisema, itafute matatizo ya jamii ambayo kuyatatua kunaingiza fedha, kisha iyatatue kwa ukubwa ule ule inaouzia bidhaa zake. Hisani huishia pale fedha za hisani zinapoishia. Biashara inaweza kukua hadi imfikie kila mwenye shida hiyo. Na kuna jambo dogo ninalolipenda zaidi katika msingi huu, nalo ni uwazi wake. Mtu anayekwambia anafanya kwa faida unaweza kumkagua. Anayekwambia anakupenda utamkagua kwa kipimo gani?

Tafiti nazo zinaunga mkono, ingawa si kwa nguvu ambayo washauri wa biashara wanadai. Mwaka 2003 mtafiti Marc Orlitzky na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 52 na kukuta kwamba kampuni zinazofanya vizuri kwa jamii kwa kawaida hufanya vizuri kifedha pia. Uhusiano huo, hata hivyo, unakwenda pande zote mbili: kampuni yenye fedha ndiyo yenye nafasi ya kuwa njema. Mkono mtupu haulambwi, wala hautoi.

Hapa ni vizuri kumsoma mchumi Milton Friedman alivyoandika, si anavyosimuliwa. Katika makala yake ya Septemba 1970 kwenye gazeti la New York Times alisema meneja ni mwajiriwa wa wenye mali. Akichukua fedha zao na kuzitumia kwa malengo ya jamii anayoyapenda yeye, amewatoza kodi ambayo hakuna aliyempigia kura aitoze. Hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni mambo mawili. Kwanza, faida aliyoitetea aliiwekea uzio: itafutwe ndani ya kanuni za jamii, za kisheria na za desturi ya maadili. Pili, hakufurahishwa na kampuni zinazofanya jambo lenye faida na kulivalisha joho la wema. Aliliona hilo kuwa karibu na udanganyifu. Sentensi ya mwenyekiti yenye mkato katikati asingeitia saini.

Sasa udhaifu. Kwa miaka kadhaa Volkswagen iliuza Marekani magari ya dizeli yaliyotangazwa kuwa safi. Ndani ya kompyuta ya injini kulikuwa na programu iliyosoma mwendo wa gari, muda ambao injini imewaka, kanieneo ya hewa na mahali usukani ulipo. Magurudumu yanazunguka kwa kasi lakini usukani haugeuki hata kidogo? Basi gari haliko barabarani, liko kwenye mashine ya kupimia. Mfumo wa kusafisha moshi uliwashwa kikamilifu, gari likafaulu. Likirudi barabarani mfumo ulilegezwa, na oksidi za nitrojeni, gesi za moshi zinazodhuru mapafu, zikafika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliopima magari hayo yakiwa barabarani ndio waliokuta hesabu hazilingani, na Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaweka jambo hadharani. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 11 duniani.

Mtu wa faida atajibu kwamba mwisho wake haukulipa, na ni kweli, kwani kampuni ilitumbukia katika gharama za zaidi ya dola bilioni 30. Ila anayasema hayo baada ya kukamatwa kwao. Kabla ya hapo mteja alikuwa analipia sifa ya usafi, na sifa alikuwa nayo. Soko hulipa kinachoonekana. Mtu anayetembea kando ya barabara akivuta hewa hiyo hakununua gari, hakusoma tangazo, na hana mahali pa kuandika malalamiko. Katika hesabu ya mauzo hayumo. Hapo ndipo msingi wa faida unapovunjika: pale anayedhurika anapokuwa hana fedha, hana sauti au hajui kwamba anadhurika.

Maadili kama msingi

Miaka ya 1970 kampuni ya dawa ya Merck ilipata dawa iitwayo ivermektini kutokana na bakteria wa udongo waliokusanywa Japani na Satoshi Ōmura. Ilikuwa dawa ya minyoo ya mifugo, na iliuzika vizuri sana. Mwanasayansi wa kampuni hiyo, William Campbell, akaona huenda ikatibu usubi, ugonjwa unaoletwa na minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Minyoo hiyo huwasha ngozi kwa miaka, kisha hupofusha macho. Dawa ikajaribiwa, ikafanya kazi. Tatizo lilikuwa moja: waliohitaji dawa hawakuwa na fedha, na serikali zao pia hazikuwa nazo.

Mwaka 1987 mkurugenzi mtendaji, Roy Vagelos, akatangaza kwamba kampuni itaitoa bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Soma tena masharti hayo kwa jicho la mhasibu. Hakuna kikomo cha idadi. Hakuna tarehe ya mwisho. Ukiniambia Merck ilijipatia jina zuri na kuvutia wanasayansi hodari, nitakubali, lakini mpango wa kutafuta jina ungekuwa wa miaka mitano, wenye kiwango cha juu na hafla ya kukabidhi. "Kwa muda wowote" ni maneno ambayo hesabu ya faida haiwezi kuyaandika. Na muda ulihitajika kweli, kwa sababu ivermektini haiui minyoo mikubwa mara moja. Inabidi jamii nzima imeze mwaka baada ya mwaka hadi minyoo izeeke na kufa. Colombia ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza usubi mwaka 2013, Ecuador 2014, Mexico 2015, Guatemala 2016, na Niger, ya kwanza Afrika, mwaka 2025. Programu ya miaka mitano ingeisha mwaka 1992.

Hiyo ndiyo nguvu ya maadili: yanaweza kuahidi. Faida haiwezi kuahidi, inaweza tu kutabiri.

Lakini usiondoke na picha ya kampuni takatifu. Merck hiyo hiyo, chini ya uongozi mwingine, iliondoa sokoni dawa yake ya maumivu Vioxx mwaka 2004 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo, na mwaka 2007 ikakubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi za waliodai kwamba walidhurika na kwamba hatari ilifunikwa. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, mtu anayedhani maadili ya kiongozi mmoja yanabaki ukutani baada ya yeye kuondoka ana la kujifunza hapo. Na maandishi pekee hayasaidii: kanuni za maadili za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, zilikuwa na kurasa 64, na kampuni ikaanguka kwa udanganyifu wa hesabu Desemba 2001.

Kuna udhaifu wa pili, wa kusikitisha zaidi. Desemba 1995 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Malden Mills, Massachusetts. Mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, aliyekuwa na karibu miaka 70, angeweza kuchukua fedha za bima akapumzika. Akaamua kujenga upya pale pale, na akaendelea kuwalipa mishahara wafanyakazi ambao hawakuwa na mashine ya kusimamia. Nchi nzima ilimsifu. Mwaka 2001, ikiwa imelemewa na madeni, kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi, na yeye akapoteza usukani wa kiwanda cha familia yake. Ushindani wa bei na madeni ya ujenzi vilichangia mengi, kwa hiyo si haki kusema wema ndio uliomfilisi. Lakini wema haukumwokoa pia.

Swali linalosahaulika: mali ni ya nani?

Feuerstein alitoa cha kwake. Hapo hata Friedman hana la kupinga, kwa sababu hoja yake yote ilihusu meneja anayetumia fedha za wengine. Nadhani swali hili linaamua mambo kuliko watu wanavyolipa nafasi.

Tazama Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa. Mwaka 2020 wanahisa walipiga kura, karibu wote, kuifanya kampuni yenye dhamira ya kijamii iliyoandikwa ndani ya katiba yake. Machi 2021, hisa zikiwa zimedorora na wawekezaji wachache wakipiga kelele, mkurugenzi mkuu Emmanuel Faber akaondolewa. Dhamira ilibaki kwenye karatasi. Mtu aliyeibeba akatoka mlangoni. Sasa tazama Patagonia, kampuni ya mavazi ya Marekani. Mwaka 2022 mwanzilishi wake, Yvon Chouinard, na familia yake waliitoa kampuni yote: hisa zenye kura zikaenda kwa mfuko wa amana, zilizobaki zikaenda kwa shirika linalopambana na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mwekezaji wa kesho atakayeweza kusimama kwenye mkutano mkuu akadai gawio lake kwanza, kwa sababu hana pa kununulia kiti.

Maana yake kwa anayechagua: kampuni ya mtu binafsi au familia inaweza kuanza na maadili na kuyadumisha, mradi iyafunge kwenye umiliki. Kampuni ya hisa zilizotawanyika sokoni ikiahidi kwa jina la maadili peke yake, inaahidi kwa niaba ya watu ambao mwaka ujao watakuwa wengine.

Kwa nini usiziweke zote mbili?

Kwa sababu sababu moja inaweza kuila nyingine. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio lililofanyika katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi wengine walikuwa wakichelewa kuchukua watoto, walimu wakibaki kuwasubiri. Vituo kadhaa vikaweka faini ndogo. Uchelewaji ukaongezeka. Awali mzazi aliona haya. Sasa aliona bei, na bei aliweza kuilipa. Faini ilipofutwa, haya haikurudi.

Ndani ya kampuni hilo hutokea kimyakimya. Mhandisi aliyezoea kusema "hatutoi hii, si salama" anaambiwa aandike hoja ya kibiashara ya usalama. Anaiandika, na ni nzuri. Mwaka unaofuata hesabu inatoka kinyume, na yeye hana tena sentensi ya kusimamia, kwa kuwa alishakubali usalama ujadiliwe kwa gharama.

Ningechagua hivi

Ningegawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kutodhuru: usalama wa majengo na bidhaa, sumu, mishahara iliyofanyiwa kazi, ukweli wa kile kinachotangazwa. Hayo yote ningeyasimamisha juu ya msingi wa maadili, na ningekataza kabisa kuulizwa kama yanalipa. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh. Benki na maduka ya chini yakafunga. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu, ambao oda zao zilikuwa na tarehe, waliamriwa warudi kazini asubuhi iliyofuata. Jengo likaporomoka, watu 1,134 wakafa. Mtu yeyote aliyekuwa akipima siku moja ya uzalishaji dhidi ya nyufa zile alikuwa ameshakosea kabla hajapata jibu.

Na maadili ya fungu hili yanahitaji meno. Baada ya Rana Plaza, kampuni za nguo zaidi ya 200 zilitia saini mkataba na vyama vya wafanyakazi, wenye wakaguzi huru, taarifa zilizochapishwa hadharani, na usuluhishi unaobana kisheria. Huo ulifanya kazi ambayo sera za hiari hazikuifanya kwa miaka mingi.

Fungu la pili ni la kuongeza wema: mafunzo, mikopo kwa wasambazaji wadogo, vifaa vya kupunguza matumizi ya nishati, bidhaa kwa wasiofikiwa. Hapa ningeipa faida usukani bila aibu. Jambo jema linalojilipia litakuwapo hata mimi nikiwa sipo. Kampuni yenye ziada na mwenye mali aliyekubali inaweza kuongeza zawadi safi kama ya Merck, lakini iitwe zawadi na iwekewe masharti yake mapema.

Wapo wanaotaka sheria imalize ubishi. India ilifanya hivyo kwa sheria ya kampuni ya mwaka 2013: kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii. Waliokuwa wakitoa chini ya hapo wakapanda. Lakini utafiti wa Dhammika Dharmapala na Vikramaditya Khanna ulikuta kwamba baadhi ya kampuni kubwa zilizokuwa zikitoa zaidi ya asilimia hiyo zilishuka. Kima cha chini kiligeuka kuwa kipimo cha kutosha. Sheria ninaihitaji kwenye fungu la kwanza; kwenye la pili inanipa mashaka.

Na kama wewe uko upande wa kupokea, yaani unaongoza shule, kituo cha afya au shirika dogo, usiikimbie kampuni inayokiri kwamba inatafuta faida. Ikikueleza wazi kwamba inafadhili mafunzo ya ufundi kwa sababu imekosa mafundi, chukua: unajua itakaa hadi mafundi watoshe, na unaweza kupanga miaka yako kwa hesabu hiyo. Ikikwambia haitafuti chochote, omba mkataba wa miaka mingi, usome kifungu cha kuuvunja, kisha ndipo mpige picha.